Salama Niliyokujibu Jana

Zaina mwanangu,

Usinicheke kwa kukuandikia barua wakati tunaishi nyumba moja, na umetoka hapa sasa hivi tu kwenda Manundu kuchukua nguo zako kwa fundi cherehani. Kusema kwa mdomo nimejaribu. Asubuhi ulipoleta chai nilijiandaa kabisa, nikafungua mdomo, nikaishia kukuuliza kama sukari ipo. Ukasema ipo. Basi nikaona bora nikae na kalamu kabla hujarudi.

Mambo ya kula, kufua, kufunga mlango na ndugu wa kuwapitia ukifika Dar es Salaam, shangazi yako amekueleza mpaka sasa unamwitikia kabla hajamaliza. Sitayarudia. Nataka tuzungumze lile swali lako la jana jioni.

Ulikuwa umekaa mlangoni unachambua mchele. Ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, nikiondoka wewe utakuwaje?" Nikakujibu, "Salama tu." Ukasema, "Kweli? Maana wale wa hapa mjini wamesema kazi yao bado ipo, nikiwapigia tu wananipokea." Nikasema, "Salama, mama, nenda zako." Ukanyanyua ungo ukaingia jikoni. Muda mfupi baadaye nikakusikia ukimwambia shangazi yako kwenye simu kwamba baba hana neno, keshokutwa unaondoka.

Kwa hiyo umeamua kwa jibu langu, na jibu lenyewe lilikuwa nusu. Wewe hukulijua hilo. Mimi nilijua.

Neno hili salama umezaliwa ukilikuta, hulisikii tena. Mimi nimekulia kwenye nyumba za kambi ya mkonge. Babu yako aliletwa manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Songea, jirani wa kushoto Mmakonde, wa kulia Muha, huyu anakwenda kanisani, yule msikitini, na kila nyumba na lugha yake ya kugombania usiku. Lakini salamu ilikuwa moja. Ukiulizwa habari unaanza na nzuri, au salama, hata kama paa linaungua. Kisha ndiyo inakuja ila. "Nzuri, ila mtoto kaamka na homa." "Salama, ila jana tumezika." Siku babu yako alipoumizwa mkono na mashine ya kuchakata mkonge, bibi yako, huyo uliyepewa jina lake, alikutana na jirani njiani. Akaulizwa habari za nyumbani, akajibu, "Salama." Jirani akasimama palepale na ndoo yake kichwani. Bibi akavuta pumzi, akasema, "Ila mzee kaumia." Ndipo ndoo ikatuliwa, wakalia wote wawili. Aliyeuliza anatakiwa asubiri, na ndivyo watu walivyofanya pale kambini bila kufundishwa na mtu.

Mimi kusubiri kulinishinda tangu ujana. Tulipokwenda Handeni kwa posa ya mama yako, mshenga aliniambia nikae nyuma, nifumbe mdomo, kazi ya kusema ni yake. Nilikuwa na kazi mpya na viatu vipya, nikaona mambo yanachelewa. Mshenga akamsalimia babu yako wa Handeni, habari za hapa mzee. Mzee akasema, "Nzuri," akanyamaza. Nikadhani zamu yetu imefika. Nikaanza kueleza kwa sauti kubwa kabisa tulichofuata. Kumbe mzee alikuwa hajamaliza. Mkewe alikuwa ndani anaumwa, hajapata usingizi siku nyingi, na dakika hiyohiyo ndiyo kwanza kalala. Nikamwamsha. Mshenga alinifinya paja mpaka likavilia damu. Mjomba wa mama yako akacheka, akasema, "Mwacheni jamani, huyu damu ya manamba, anawahi kengele ya shamba." Na hapo nikapata jina. Mama yako aliniita Kengele mpaka mwisho, nikiwa na haraka, na haraka nilikuwa nayo kila siku.

Sasa lile jengo la Dar tulilolipigia hesabu. Unalijua kwa vipandevipande, maana nimelisimulia kama kichekesho miaka yote. Leo nitalisema lote.

Hesabu umesoma, tena vizuri kuliko mimi, sina la kukufundisha. Ninachotaka ujue ni jinsi tulivyozifanya. Jengo refu la chuma likisimama kwenye upepo linaulizwa maswali mawili. La kwanza, litaanguka? La pili, lisipoanguka, binadamu ataweza kukaa ndani akaandika, akala, akasali, asitapike? Swali la kwanza tulilihangaikia mpaka macho yakavimba. La pili tulilifanya Ijumaa jioni, watu wameshavaa makoti. Tulitoka na jibu kwamba juu kabisa litacheza kidogo, tukaona kidogo ni kidogo, tukaenda zetu.

Watu walipohamia, yakaanza kuja maneno kutoka kwa msimamizi wa jengo. Siku za upepo lifti zinakwama. Kuta za jipsamu zinapasuka kwenye kona, ukiziba leo kesho zimepasuka. Usiku walinzi wanasikia dari linalia. Nikatumwa mimi nikaangalie. Nilikagua nati, nilikagua maungio, nilikagua nguzo mpaka chini kwenye shimo la lifti, na sikukuta kosa. Chuma kilikuwa kinapinda na kurudi, na hiyo ndiyo kazi yake. Nilifurahi sana siku ile. Nakumbuka kwamba nilifurahi, ingawa furaha yenyewe siikumbuki ilikuwaje.

Ikabaki kuwauliza wanaokaa ghorofa za juu. Ghorofa ya mwisho kulikuwa na mkuu wa ofisi mmoja, Bwana Mhina, mtu wa Handeni. Aliposikia nimeoa kwao aliniita shemeji papo hapo. Nikamuuliza, "Habari za huku juu, shemeji?" Akasema, "Salama tu, shemeji." Nikapita ofisi ya pili, habari za kazi, nzuri. Ya tatu, nzuri. Nikashuka nikawaambia wakubwa wangu kwamba shida ni kuta na lifti, watu wenyewe hawana neno.

Kumbe huko juu watu walikuwa wanaumwa, na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Binti wa mapokezi alikuwa anapima malaria kila mara, haonekani nayo, anapewa dawa hivyohivyo. Dada mmoja aliyeolewa karibuni akawa anakimbilia chooni kila alasiri. Wenzake wakampongeza kwa mimba, wakamtania, wakaanza kumchagulia majina ya mtoto. Mimba yenyewe haikuwepo na alikuwa anaitamani, akalia mbele ya watu. Mhasibu alinunua kipimo cha presha akakiweka mezani. Wengine wakasema pale pana jini. Akaitwa shehe akasoma dua, wiki nyingine akaja mchungaji akakemea. Bahati ya wote wawili, walikuja siku zisizo na upepo, hivyo kila mmoja aliondoka akiamini kamaliza kazi.

Ukaingia msimu wa kusi. Siku moja nikapanda kwa ajili ya mlango wa lifti, upepo ukazidi, lifti zikasimamishwa. Nikaona badala ya kushuka ngazi zote zile nimsubiri shemeji ofisini kwake. Akanipa kiti, akaniletea chai. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona chai inasogea kwenye kikombe, upande huu, upande huu. Kamba za mapazia ya dirishani zote zikaachana na ukuta kwa pamoja, zikarudi kwa pamoja. Ukutani kitu kikawa kinalia ngiii, kinanyamaza, ngiii. Nje ya dirisha nyumba za mbali zilikuwa zinageuka taratibu, maana jengo lile lilikuwa linajisokota pia, jambo ambalo kwenye hesabu tulilipa mstari mmoja. Mate yakanijaa mdomoni. Nilijua kwa uhakika kabisa kwamba haliwezi kuanguka. Hesabu nilifanya mwenyewe. Tumbo halikuniuliza habari za hesabu.

Bwana Mhina aliniangalia, akainama, akavuta ndoo ya takataka chini ya meza yake akaisogeza miguuni pangu. Alifanya kama mtu aliyezoea. Nikatapika ndani ya ndoo ile mbele ya shemeji yangu, suti na tai na kila kitu.

Nilipopata nafuu nikamlaumu. "Shemeji, si nilikuja kukuuliza? Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Uliniuliza, ni kweli. Lakini niliposema salama ulikuwa umeshageuka unaelekea kwenye lifti. Ningeuambia mgongo wako?"

Tulilirekebisha. Tukaongeza vyuma vya mshazari upande uliokuwa dhaifu. Kule juu kabisa tukaweka uzito mkubwa wenye mpango wake, jengo likienda huku wenyewe unavuta kule. Kuta za ndani tukazipa nafasi zisisagane na mihimili. Ilichukua muda mrefu, na ofisi yetu ikasifiwa. Yule binti wa mapokezi alikuwa ameshaacha kazi kabla hatujaanza. Niliuliza alikokwenda, hakuna aliyejua. Mpaka leo huenda anaamini ana ugonjwa usioonekana kwenye kipimo.

Huko unakokwenda watakupa kazi hii hii, na utaiweza kuliko mimi. Vyombo vya kupima mnavyo, sisi tulikuwa navyo vichache. Siku za upepo panda juu na kazi yako, ukae. Kaa na watu wanaokaa humo mpaka wakuzoee na waanze kulalamika mambo mengine, umeme, vyoo, bosi wao. Jengo kucheza si kosa, lisipocheza litavunjika, hilo unalijua. Kinachomsumbua mtu ni ule mgeuko, mwendo wa kwenda haujaisha na wa kurudi umeanza, na kila mwili una kiasi chake. Mwingine hatasikia kitu maisha yake yote. Usimtumie huyo kumkanushia mwenzake.

Ningeweza kuishia hapa, barua ikawa ya baba injinia kwa binti injinia, tukaridhika. Lakini kuna mama yako.

Mwaka uleule alianza kuugua. Mimi Dar, yeye hapa, wewe shule ya bweni. Nilimpigia kila jioni, wala sijisifu. Habari za hapo? Salama tu, baba Zaina. Haya, vizuri, na simu inakatwa. Sasa sikiliza, maana watu huwa wananitetea hapa. Wanasema hukujua. Mimi nilikuwa nimeshatapika kwenye ndoo ya Mhina. Nilikuwa nimeshaambiwa. Tena kisa chote nilimsimulia mama yako kwa simu, na ndoo, na mgongo, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Wewe Kengele wewe." Nikacheka naye. Nikamuuliza, "Na wewe hujambo lakini?" Akasema, "Salama." Pale site mtu akaniita. Nikasema haya mama, tutaongea.

Kumbe alikuwa anakwenda hospitali peke yake, anarudi peke yake, na kanga kaifunga kwa nguvu tumboni kupunguza maumivu. Jirani ndiye aliyenipigia. Nilipofika, madaktari walikuwa wanazungumza nami tumesimama koridoni, nikajua. Nikaingia nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema, "Nilikuwa nataka kukuambia kila siku. Ila yangu iko mdomoni, simu imeshakatika." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Tulimzika kwao Handeni, ulikuwepo, ulinishika mkono. Uliponiangalia ulikuwa unatafuta kitu usoni kwangu na sikuwa nacho. Nilikuwa napanga viti. Nilikuwa nauliza kama maji ya kunawa yametosha. Wajomba wakasema huyu mwanaume kweli, kavumilia. Sikuvumilia chochote, Zaina. Hapakuwa na kitu cha kuvumilia. Nilingoja kije, nikangoja arobaini, nikangoja mwaka, mpaka leo hakijaja. Ganzi tu.

Ndiyo maana niliacha majengo marefu nikarudi Korogwe. Watu wanadhani nilirudi kwa uchungu. Nilirudi kwa sababu nyumba ilikuwa hapa, na wewe ulihitaji mtu. Naezeka shule, naezeka maghala, juzi nilikuwa Dindira kwenye paa la kiwanda cha chai, unajua. Nakula. Watu wakicheka nacheka, nachelewa kidogo. Ulipohitimu nilitazama wazazi wengine nikafanya wanachofanya, nikapiga vigelegele vya kiume mpaka ukaona aibu. Ulipoleta habari za kazi hii nikakukumbatia, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kusubiri nifurahi. Nilisimama pale muda mrefu nikiangalia kuku. Nilijua ni jambo kubwa. Nilitaka sana nilisikie.

Sasa jibu lako. Salama, mwanangu, ila nikibaki peke yangu naogopa. Siogopi kufa, usishtuke. Naogopa kukaa tu. Wewe ndiye unayenifanya niamke. Nasikia sufuria jikoni, najua kumekucha, navaa, natoka, nikirudi kuna mtu wa kumwambia nimerudi. Ukiondoka sijui nitavaa kwa ajili ya nani. Sijui kama nitapika. Huenda nitaweza, watu wengi wanaweza, lakini nikikuambia nina uhakika nitakuwa nakudanganya, na jana nilikudanganya.

Na kuna ila ya pili. Sitaki ubaki. Ukichukua kazi ya hapa mjini kwa ajili yangu, utakuwa unaniuliza habari kila jioni na mimi nitakuwa nakujibu salama, tutaishi hivyo mpaka nizeeke, hakuna litakaloanguka na hakuna atakayeweza kupumua humu ndani. Mama yako asingekubali. Mimi pia sikubali, na hili nalisema kwa akili, maana moyo haujibu.

Ila zangu zote mbili ni za kweli na zinapingana. Nimezigeuza tangu asubuhi, sikupata njia ya kuzipatanisha. Nimeona nikupe zote.

Watu wakiandika barua ya namna hii wanaiweka ndani ya begi, msafiri aikute njiani. Akiikuta, basi limeshapita Segera, hana la kufanya zaidi ya kulia dirishani. Nilifikiria kufanya hivyo. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini ningekuwa nimesema tena na mtu aliyeshageuka, na safari hii aliyekugeuza mgongo ningekuwa mimi. Basi lako ni kesho. Namba ya wale wa hapa mjini unayo. Barua hii nimeiweka juu ya kitanda chako, mchana huu, uisome ukiwa bado unaweza kuamua lolote. Ukienda nitakubebea begi mpaka stendi. Ukibaki tutagombana, lakini tutagombana tukiwa tunajua tunachogombania.

Niko nje kwenye benchi. Simu nimeizima, kazi ya leo nimemwachia mtu. Ukimaliza kusoma, njoo uniulize tena.

Baba yako